Samaki Wako Kafa

Samaki wangu wa kwanza alikuwa kolekole. Nilimtengeneza kwa vioo vya luva vya dirisha la jikoni lililong'olewa, kwa gundi nyeupe ya mbao, juu ya kipande cha plaiwudi nilichopewa na seremala jirani. Alinila jioni za wiki tatu. Nilipomaliza nikamwegemeza ukutani barazani, nikakaa kumngoja Baba Mdogo apite akitoka mnadani, maana kwenye ukoo wetu yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu samaki. Kavua zaidi ya miaka 40: nyavu, mishipi, madema. Siku hizi magoti yamemgomea, kwa hiyo anashinda tu pale Deep Sea, kwenye mnada wa samaki, akiwasumbua vijana kwa maswali.

Akapita. Akasimama. Akainama, mikono mgongoni, kama anavyoinama mbele ya meza ya mnada.

"Mwanangu," akasema, "samaki wako kafa."

Nikacheka nikidhani ananitania.

"Kafa tangu jana," akaongeza, akaenda zake kuoga.

Niseme mapema kwamba sanaa sikuisomea. Kazi inayonilisha ni kutunza daftari za hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga mjini. Ukuta mmoja na duka letu yupo fundi wa aluminiamu, na hapo ndipo yote yalipoanzia. Nyumba nyingi za mjini kwetu zilikuwa na madirisha ya luva, vile vioo vya kulala vinavyofunguka kwa mkono mmoja, upepo wa bahari ukapita, na mbu wakapita. Sasa kila anayepata fedha kidogo anang'oa luva anaweka dirisha la kusukuma lenye kioo cha bluu au cha rangi ya shaba. Nyumba inang'aa kwa nje, ndani inakuwa tanuri. (Haya ni maoni yangu. Mke wangu anadai aluminiamu tangu tuoane na wala hakubaliani nayo.) Luva zinazong'olewa zinatupwa nyuma ya kibanda cha fundi, pamoja na masalio ya vioo vipya, vipande vya upana wa vidole viwili ambavyo hakuna dirisha litakalovitaka. Vinasubiri gari la taka. Nilianza kwa kuviokota viwili vitatu, nikawa naviweka juu ya meza ya hesabu, navigeuzageuza kwenye mwanga wateja wakipungua.

Lundo hilo ukilitazama jua la saa tatu asubuhi linakufundisha mengi. Kioo tunachokiita cheupe si cheupe. Kishike ukitazame kwa ukingo: ni kijani, kijani kilekile cha maji ya mwambani bahari ikiwa shwari. Ni chuma kidogo tu kilichokuja na mchanga wa kutengenezea kioo. Chupa ya bia nayo imetiwa ukahawia kwa makusudi, mwanga usiiharibu bia. Humo mna chuma tena, pamoja na salfa. Bluu kali inatoka kwenye kobalti, na mtaani ndiyo adimu kuliko zote. Tangu niujue ule ukingo wa kijani, maji yangu yote nayajenga hivyo: nakata kioo cheupe vijiti vyembamba, navisimamisha kwa ukingo, kimoja kando ya kingine, kama vitabu kwenye rafu. Kutwa nzima unapata bahari ya ukubwa wa kiganja. Lakini hakuna rangi ya dukani inayoifikia.

Kioo cha mlango wa gari usijaribu kukikata. Kiwandani kilipashwa moto sana kikapozwa ghafla, kwa hiyo ukikigusa tu kinamwagika chote kama mchele. Chembe zake nazihifadhi kwenye kopo la maziwa kwa ajili ya povu la mawimbi.

Kukata ndiko nilikojifunza polepole kuliko kitu kingine. Kikatio mafundi wanakiita almasi, ingawa hakina almasi yoyote. Nchani mwake mna kigurudumu cha chuma kigumu chenye ukubwa wa punje ya mtama. Unakichovya kwenye mafuta ya taa, unapiga mstari, mara moja. Ukirudia juu ya mstari uleule umeharibu kioo na umeharibu kigurudumu. Fundi jirani alinikataza kutegemea macho, akaniambia nisikilize. Mstari mzuri unalia kama khanga mpya inayochanwa, sauti moja toka mwanzo hadi mwisho. Sauti ikikatika katikati, hapo ndipo kioo kitakapokwenda upande kisikotakiwa. Ukishapiga mstari unashika huku na huku, vidole gumba juu, ngumi chini, unavunja kama biskuti. Unabaki na mchirizi wa upana wa sentimita moja, ambao unaukata kwa koleo la magurudumu mawili, mshazari, kipande baada ya kipande, kama mtu anayekata kashata. Kolekole wa sentimita 60 anakula magamba kama 900.

Na vinatawanyika. Kipande kimoja kati ya kumi kinaruka kwenda kusikojulikana. Miwani ya kinga sivui, meza naifuta kwa sponji mbichi badala ya kupangusa kwa mkono, na mwanangu haruhusiwi kuvuka kizingiti cha chumba kile bila ndala. Mara moja nilitoka na kipande kwenye pindo la suruali, nikakikuta kitandani. Sitaeleza zaidi.

Basi kolekole wangu, hai au mfu, nikamtundika barazani. Masika ikaingia. Gundi nyeupe ya mbao inakauka kwa maji yake kunywewa na mbao na kuchukuliwa na hewa. Kioo hakinywi maji, hewa ya Tanga mwezi wa nne yenyewe imelowa, na gundi ile hata ikikauka, ikipata maji tena inalainika na kurudi nyeupe kama maziwa. Hayo yote nimeyajua baadaye. Nilichokijua asubuhi ile ni kwamba sakafu ya baraza ilikuwa imejaa magamba, kana kwamba kuna mtu kamwamkia usiku na kisu akampara.

"Afadhali," akasema Baba Mdogo. "Alishaanza kunuka."

Nikamwambia, haya Baba, nifundishe basi samaki mzima yukoje. Kesho yake alfajiri akanipitia, tukashuka Deep Sea.

Pale mashua zinaingia kabla jua halijachomoza vizuri. Samaki wanatolewa kwenye matenga, wengine wamefunikwa magunia yaliyoloweshwa, wanamwagwa mezani, mnadishaji anaanza kuimba bei. Baba Mdogo hakushughulika na bei. Alikuwa akinivuta mkono kutoka meza moja hadi nyingine kama mtoto. "Tazama jicho." Changu aliyetoka majini alfajiri ile jicho lake limetuna, jeusi katikati, na juu ya weusi kuna uwazi kama tone la maji linalotaka kudondoka. Changu wa jana jicho limezama, limeingia ukungu. Akafunua matamvua, huku mekundu, kule yamefifia kuwa rangi ya chai ya maziwa. Akabonyeza ubavu kwa kidole gumba: huyu ananyanyuka, yule anabaki na shimo. Akanisimulia na ya miaka ya baruti, aibu ambayo pwani yetu ilikuwa nayo kwa muda mrefu, jinsi samaki walivyokuwa wakija wazuri kwa nje, ukiwapasua damu imevilia ndani na mfupa wa mgongo umekatika. Wenyewe walikuwa wakiwajua kwa kuwanyanyua tu, kwa jinsi wanavyoning'inia mkononi.

Kisha akasema lililoniuma. "Yule wako alinyooka. Samaki aliyenyooka ni wa mezani. Majini hakuna aliyenyooka."

Sikuwa na la kujibu, maana nilijua nilivyompata kolekole wangu. Nilinunua mmoja sokoni, nikamlaza juu ya karatasi, nikamzungushia penseli. Halafu tukamla. Nilichoweka ukutani kilikuwa kivuli cha maiti, kwa vipimo sahihi kabisa.

Jicho nililitatua kwanza kwa sababu lilikuwa rahisi. Natoboa ubao kwa msumeno wa duara, tundu ndogo kidogo kuliko gololi, natia gololi ndani na gundi nyuma yake. Nusu inabaki ndani, nusu inatuna nje. Nyuma ya gololi naweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na hapo jicho linakufuata ukipita. Watoto wa mtaa walipojua ninanunua gololi zenye rangi nzuri nilipata gololi za miaka mitano.

Mwili ulinisumbua zaidi. Nilikuwa nikipanga vipande vyangu mistari mistari kama anayepanga vigae vya bafuni, kisha nakata vinavyozidi pembeni. Simu ndiyo iliyonionyesha kosa. Nilikuwa natazama picha za ile mozaiki, picha ya kupanga vijiwe, ya viumbe vya baharini iliyofukuliwa Pompeii, Italia, kwenye jumba linaloitwa la Fauni; sasa iko kwenye makumbusho ya Naples. Ina zaidi ya miaka 2000. Katikati pweza kamkumbatia kamba mkubwa wanapigana, na kuwazunguka kuna samaki wa kila aina kwenye maji meusi. Wavuvi wa Naples wangewataja kwa majina bila shaka, kwani hata mimi niliwatambua wawili watatu: mkunga yupo, taa yupo. Nikaikuza picha mpaka vijiwe vikaonekana kimoja kimoja. Havikupangwa kwa mistari iliyonyooka. Vinaufuata mwili, vinapinda unapopinda, vinabanana unapokuwa mwembamba mkiani. Warumi mtindo huo waliuita kwa jina lenye maana ya kazi ya minyoo, na kweli mistari inatambaa. Hata mstari wa kwanza wa maji yanayomzunguka samaki huo mtindo unaulaza ufuate umbo lake, kana kwamba maji yamejua kuna kitu kinapita.

Tangu hapo sichori samaki. Nachora mistari. Naanza na mmoja, wa ubavuni, unaotoka nyuma ya jicho hadi kwenye mkia, nauvuta kwa mkono wote, si kwa kiganja, mara ishirini kwenye magazeti mpaka utoke mmoja wenye mwendo. Mengine yote yanaufuata huo. Na vipande naanza kuvipanga mkiani, naelekea kichwani. Aliyewahi kuezeka makuti hahitaji kuelezwa sababu: unaanza chini kwenye ukingo wa paa, kuti la juu linalalia la chini, maji yateremke yasiingie. Gamba la samaki limepangwa hivyohivyo, la mbele linalalia la nyuma. Ukianza kichwani ukaenda mkiani utamaliza, ila kuna kitu kitakuwa kinamkwaruza mtazamaji machoni asijue ni nini.

Kuhusu gundi, mwalimu wangu alikuwa Tongoni. Ni kusini mwa mji, mwendo wa nusu saa kwa gari, magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40 yenye nguzo, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa. Wazee wetu walikuwa wakipachika bakuli na sahani za kigeni kwenye makaburi hayo, zing'ae juani. Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, ipo nguzo ya namna hiyo, na Mambrui kule Kenya pia. Tongoni sahani zimeondoka. Zimebaki duara tupu kwenye lipu, kama matundu ya macho. Nilikwenda na mwanangu siku ya sikukuu, nikaingiza kidole kwenye duara mojawapo. Ukingo wa chokaa bado ni mkali, unashika umbo la bakuli ambalo halipo. Watu walizibandua. Chokaa haikuachia yenyewe. Nilirudi nyumbani nikaitupa gundi ya mbao.

Sasa natumia gundi ya vigae, ile ya unga wa saruji, juu ya ubao wa saruji. Nyeupe, kwa sababu kioo kinaonyesha kilicho nyuma yake. Ukiipaka kwa mwiko wenye meno halafu ukabandika kioo cheupe, mistari ya meno inaonekana kama mbavu. Lazima uisawazishe kwa upande usio na meno, au ukipake kila kipande mgongoni kama mkate. Mia tisa. Redio inasaidia.

Naona inafaa nimtaje nguru, ingawa sipendi. Nguru tumbo lake ni fedha, nikaona nitumie kioo cha kujitazamia, na kwa kuwa vipande vilikuwa vidogo nikavibandika kwa silikoni ya bei rahisi, ile inayonuka siki. Alipendeza sana. Kwa mara ya kwanza Baba Mdogo hakusema kafa. Alisema "mm," akapita. Nikatembea kifua mbele wiki nzima. Baada ya miezi miwili madoa meusi yakaanza kutokea kwenye kingo za vioo, yakatambaa ndani, tumbo lote likawa na ukoma. Ile siki ni tindikali, inaula utandu wa fedha ulioko nyuma ya kioo. Ipo silikoni isiyonuka iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na bei yake si kubwa hivyo, na mimi nafanya kazi kwenye duka linaloiuza.

"Huyu sasa kaoza," akasema Baba Mdogo, na safari hii kwa huzuni kidogo.

Hoteli moja ya ufukweni ilinunua kitatange wawili, wale wa michirizi ya manjano na bluu, ikaagiza na wa tatu mwenye tabasamu. Nikawaeleza kwamba kitatange mdomo wake ni mdogo wa kudonoa, hauna mahali pa kuweka tabasamu. Wakasema wageni wanapenda. Nikamtengeneza. Ndiye pekee ambaye hawajamlipia, nami sijajipa taabu ya kudai kwa nguvu. Yule akiondoka ukutani kwao itabidi arudi kwangu.

Silikanti nilimkwepa kwa miaka. Ukiwa mtu wa Tanga na unafanya samaki, kila mtu anakuuliza silikanti yuko wapi. Ndiye samaki wetu wa kujivunia: dunia ilimjua kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, ikaamini alitoweka pamoja na madinosaria zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi mwaka 1938 alipoletwa mmoja na mashua ya uvuvi huko East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji ule akamwona kwenye lundo la samaki akajua huyu si wa kawaida. Kisha Wakomoro wakasema, kwani huyu si gombessa, tunamtoa siku zote. Huku kwetu walianza kuingia kwenye majarife, nyavu za papa zinazotegwa kilindini, tangu miaka ya 2003 na 2004, mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Wavuvi wa Kigombe na Mwarongo walikuwa wakivua kitu ambacho wataalamu wanakipandia ndege, na nyama yake haina faida yoyote, mafuta matupu.

Nilimwanza kwa picha. Kila picha niliyokuwa nayo ilimwonyesha mchangani, watu wamemzunguka, kahawia iliyochanganyika na kijivu. Nikakusanya chupa za bia zilizovunjika baa (nzima zina dhamana yake, hakuna anayekupa), nikatengeneza kichwa chote na nusu ya mgongo. Miezi miwili.

Baba Mdogo alikitazama kichwa kile kwa muda. Akavuta kigoda akakaa.

"Nani kakwambia yuko hivi?"

"Picha, Baba."

"Picha ilipigwa saa ngapi?"

Sikujua. Ndipo akanieleza jambo ambalo katika miaka yote hiyo hakuwahi kulitaja, kwa sababu sikuwahi kumuuliza: kwamba alikuwamo kwenye mashua siku mmoja alipopanda na jarife. Kabla ya alfajiri, taa ya karabai, wakavuta wakidhani ni chewa mkubwa. "Alikuwa wa bluu," akasema. "Bluu ya kilindini, ile ambayo ukiangalia chini unashika ubao wa mashua. Na mabaka meupe. Macho yanawaka kama ya paka. Tulipofika pwani jua limetoka, kashakuwa kama gogo."

Nilikwenda kusoma, na ni kweli. Silikanti akiwa hai ni wa bluu. Akifa rangi inamtoka anabaki kahawia. Nilikuwa nimetumia miezi miwili kutengeneza maiti mwingine, na safari hii nilikuwa nimemkosea mpaka rangi. Nikabandua vyote kwa patasi.

Bluu niliipata kwa fundi jirani, kwenye masalio ya kile kioo cha madirisha ninachokilaumu. Lakini juu ya gundi nyeupe ilikuwa bluu ya mchana, ya maji ya kuogelea. Nikajaribu kipande juu ya gundi ya kijivu, ya kawaida, ya vigae vya sakafuni, iliyokuwa imebaki kwenye ndoo. Kioo kikazama. Kikawa kile alichokisema, hadi nikashika ukingo wa meza. Kwa hiyo mgongo na ubavu nikalaza juu ya kijivu, na tumboni nikachanganya na nyeupe kidogo kidogo, ili bluu ipande yenyewe kuelekea kwenye mwanga. Kioo ni kilekile toka juu hadi chini. Kilichobadilika ni saruji iliyo nyuma.

Mabaka meupe yalitoka kwenye vichupa vya krimu vya mke wangu, vile vya kioo kizito kama maziwa. Nilitaka kuyatawanya nipendavyo, kisha nikasoma kwamba kila silikanti ana mabaka yake. Watafiti wa Kijerumani walioshuka na nyambizi ndogo huko Komoro mwaka 1987, waliompiga picha za filamu akiwa hai nyumbani kwake, wanawatambua mmoja mmoja kwa mabaka hayo. Kutawanya ovyo kungekuwa kama kuchora uso wa mtu kwa kuweka pua popote. Nikachagua mmoja, wa pwani yetu, kutoka kwenye picha iliyokuwa na ubavu mzima unaoonekana, nikahesabu, nikapima, nikamwekea mabaka yake mwenyewe. Rangi yake picha ile ilikuwa imeipoteza. Mahali pa mabaka ilikuwa imepahifadhi.

Mapezi ndiyo niliyoyafurahia. Yana shina la nyama, kama mkono mfupi, na anayachezesha kwa kupishana, la kulia mbele na la kushoto nyuma, kama mbuzi anayetembea. Mistari ya vipande ilibidi izunguke kwenye bega la kila pezi kabla ya kufunguka. Jicho likawa gololi ya kijani juu ya karatasi ya fedha. Mwili mzima mita 1 na sentimita 20, umepinda kidogo kiunoni, mkia umeelekea upande. Ubao na vyote kilo 30 na kitu.

Siku ya grauti, ile saruji ya kujazia nyufa kati ya vipande, nilimtoa uani nipate nafasi. Nyeusi, kwa samaki huyu, kwa sababu grauti nyeupe ingemkata vipande vipande na nyeusi inamuunganisha. Unaikoroga iwe kama uji mzito, unaiacha dakika kumi, unaikoroga tena, kisha unaisukuma kwenye nyufa kwa kipande cha mpira, huku na huku, mpaka samaki mzima amepotea chini ya tope. Nimefanya hivyo mara nyingi na bado kila mara moyo unaniruka hapo. Halafu unangoja kidogo, unafuta kwa sponji iliyokamuliwa, kwa mizunguko, na anaanza kurudi: jicho kwanza, kwa kuwa limetuna, kisha mabaka, kisha bluu.

Nilikuwa nimefika kwenye mkia, saa nne hivi, Baba Mdogo akaingia kutoka mnadani. Akainama, mikono mgongoni. Akahamia upande wa pili akainama tena. Nikaendelea kufuta pale pale nilipokwisha kufuta.

"Mbona umemweka juani?" akasema.

Tukamshika, yeye kichwani, mimi mkiani, magoti na yote, tukamwingiza kivulini chini ya mwembe. Nikadhani ameridhika. Akaenda nyuma ya nyumba, nikasikia bomba linafunguliwa, akarudi na gunia linalochuruzika maji. Akalikung'uta, akamfunika toka kichwani hadi kwenye mkia, akavuta pembe moja jicho lisibaki nje.

Sikumzuia. Grauti nayo inataka unyevu siku mbili tatu za mwanzo.